Paka wa Namanyere

Panya ndio waliomfikisha Leonia kwa Sista Kristiana. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua mahindi na kuyauza watakako, baba yake, Mzee Maximilian, alikuwa amegeuza chumba cha mbele cha nyumba yao ya Sumbawanga kuwa ghala, na palipo na mahindi hapakosi panya. Walianza na magunia. Walipoyachoka wakahamia kwenye belo la mitumba ambalo Leonia alilihifadhi humo humo, wakatoboa masweta yote ya juu, masweta ambayo kwa baridi ya Juni ya Ufipa yangegombewa sokoni. Leonia aliyaanika uani, akayatazama matundu, akasema sasa imetosha, anatafuta paka.

Shangazi yake Agnesi, aliyeishi nao tangu mama yake Leonia afariki, alikataa kabla hata hajamaliza kusikiliza. Paka si mnyama wa kuokota, alisema. Hujui jana alilala wapi wala nani kamtuma. Lakini mzee aliyapenda mahindi yake kuliko alivyoogopa maneno ya watu. Akamwambia binti yake aende misheni, kwa yule Sista anayefuga paka waliotupwa.

Sista Kristiana alikuwa mtawa mzee, mzaliwa wa Mwimbi, mfupi, mikono imejaa mikwaruzo. Nyuma ya jiko la masista aligeuza banda la kuku lililoachwa kuwa makao ya paka: waliofukuzwa kwa mawe kwa kudhaniwa wametumwa na wachawi, waliookotwa sokoni wakiwa na vidonda, walioachwa na watumishi waliohamishwa. Aliwatibu, akawalisha vichwa vya samaki, kisha akawagawa kwa watu aliowaamini. Na hakuwa mwepesi wa kuamini.

Leonia alipoingia bandani, paka walimjia miguuni wote isipokuwa mmoja. Chini ya benchi bovu, kwenye kona yenye giza, aliona macho mawili ya rangi ya asali na kipande cha manyoya meupe. Sista alimwambia amwache huyo. Alikuwa pale muda mrefu na hajapata kumruhusu mtu amguse. Alikula watu wakiondoka, na akisikia mlango hujibana ukutani kama anayetaka kupita upande wa pili.

"Huyo moyo wake uko kwingine," alisema Sista. "Chukua huyu wa madoa. Anakamata panya mpaka wa jirani."

Leonia akamtaka yule yule. Hakuweza kueleza vizuri sababu. Labda ni kwa kuwa wiki ya msiba wa mama yake, alipokuwa msichana mdogo, naye alijificha nyuma ya kihenge, watu wakamwita kwa zamu na yeye hakutoka. Basi kila jioni akishafunga meza yake sokoni, alipanda kilima cha misheni na dagaa kwenye karatasi, akaketi sakafuni bila kuita. Paka alimtazama. Siku moja alisogea hadi ukingo wa benchi. Siku nyingine alikula Leonia akiwa bado yupo, na Leonia akashuka kilima siku hiyo akitabasamu peke yake barabarani.

"Nimepata mpinzani," alimtania Ngeleja, mchumba wake. "Siku hizi hata hunitazami. Unawahi kwa paka."

Kibanda cha Ngeleja kilitazamana na meza ya Leonia. Alikuwa fundi redio, Msukuma mrefu, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kuinamisha kichwa mtu anaposema naye kana kwamba anasikiliza redio inayokwaruza. Mapenzi yao yalianza kwa kutazamana juu ya vichwa vya wateja. Baadaye akawa anamfungulia muziki kila anapoona biashara yake imelala. Mzee Maximilian alipoletewa posa aliikataa waziwazi. Wasukuma, alisema, leo wamefunga ng'ombe hapa, kesho wamehama. Binti yangu nitamfuata wapi? Ilichukua mwaka mzima, na uvumilivu mwingi wa Ngeleja, mpaka mzee akalainika. Mahari ilikuwa imepokelewa, na wiki iliyofuata walitakiwa kwenda kwa Padre kuandikisha ndoa.

Sista aliposikia hayo akaweka sharti. Paka mwoga, alisema, hapewi mtu mmoja, hupewa nyumba.

"Mlete huyo mchumba wako. Nataka nimwone anavyosimama mbele ya kiumbe dhaifu."

Wakapanda kilima pamoja alasiri, upepo wa milima ya Mbizi ukiwasukuma mgongoni, Ngeleja amevaa sweta la kahawia alilochaguliwa na Leonia mwenyewe kutoka kwenye belo. Walicheka njia nzima. Ngeleja alisema ng'ombe anawajua, redio anazijua, lakini yeye na paka hawajuani sana. Leonia akamwahidi kumfundisha.

Mlango wa banda ulikuwa mfupi. Ngeleja aliinama, akaingia, akasema, "Shikamoo, Sista."

Kitu cheupe kikachomoka chini ya benchi. Leonia alidhani paka anakimbilia nje, akajitupa kuziba mlango. Lakini paka hakuja mlangoni. Alimrukia Ngeleja kifuani, akapanda kwa kucha hadi begani, akakisukuma kichwa chake chini ya kidevu cha yule mwanamume, akaanza kukoroma kwa sauti ambayo Leonia hakuwahi kuisikia kutoka kwake.

"Pamba," alisema Ngeleja.

Alilisema polepole, kama mtu anayesema usingizini. Kisha uso wake ukabadilika.

Sista aliuliza kwa upole amemwitaje mnyama yule. Ngeleja akajibu haraka kwamba kwao Usukumani pamba ni nyingi, kila cheupe huitwa Pamba, na paka bwana hufanana. Mdomo ulisema hayo, lakini mkono ulikwisha kumzunguka paka na vidole vinamkuna nyuma ya sikio la kushoto, mahali pale pale, bila kutafuta. Leonia aliutazama ule mkono. Mdomo hakuusikiliza tena.

"Paka huyu," alisema Sista Kristiana, "aliletwa na mama mmoja kutoka Namanyere. Alipanda naye basi akiwa kwenye kikapu. Aliniambia ni wa binti yake aliyefariki, na kwamba kila akimtazama analia. Binti aliitwa Herieth."

Ngeleja aliketi juu ya gunia la pumba bila kukaribishwa.

"Herieth ni nani?" aliuliza Leonia.

Akangoja. Hata wakati ule, kwa sekunde chache, alikuwa bado anamtafutia jibu zuri: dada, binamu, jirani, mwenye nyumba.

"Mke wangu," alisema Ngeleja.

Masikio ya Leonia yakaziba. Aliona midomo ya Sista ikitembea na hakusikia neno. Aliona ndoo ya maji pale chini, na unyoya wa kuku ukielea juu yake, akashangaa kwamba anauona unyoya kwa uwazi namna ile. Akatoka nje.

Ngeleja alimkuta kwenye mikaratusi, amesimama ameupa mti mgongo. Paka alikuwa bado begani kwake. Akaeleza yote kwa mkupuo, bila kupumzika, kama anayeogopa kukatizwa. Alimwoa Herieth huko Namanyere. Walikuwa wanangoja mtoto wa kwanza. Yeye alisafiri kuja Sumbawanga kununua vifaa vya redio, na aliporudi alikuta kaburi limekwisha kufukiwa, mama na mtoto pamoja. Kaka zake Herieth wakasema ni ndagu. Kwamba amemtoa mkewe kafara ili biashara yake ikue. Walimtupia vitu nje. Akaondoka na kisanduku cha vifaa, akaja mahali ambapo hakuna aliyemjua.

"Ulikuwa unangoja nini kuniambia?" aliuliza Leonia.

"Niliogopa."

"Uliogopa maneno ya ndagu?"

"Hayo nayo. Lakini zaidi niliogopa utanitazama hivi unavyonitazama sasa."

Leonia hakushusha macho.

"Habari za mama yangu nimekusimulia mara ngapi? Ulinishika mkono ukaniambia pole. Nililia mbele yako, Ngeleja. Na wewe siku zote hizo una kaburi lako, unanyamaza tu, unanitazama nalia."

"Nilikuwa nikuambie kabla hatujaenda kwa Padre."

"Siku gani? Mlangoni mwa kanisa?"

Ngeleja aliushika mgongo wa paka begani kwake. Akasema basi yeye atamchukua Pamba, amwondolee aibu hiyo. Leonia akatikisa kichwa.

"Huyu paka nimemwomba mimi. Wewe ulimwacha."

"Sikujua kama yuko hai."

"Hukuuliza."

Neno hilo lilimpata. Alifumba macho, na Leonia, aliyempenda hata pale, aliona aibu kwa furaha ndogo aliyoipata kwa kumwumiza. Ndipo akamwambia la mwisho, kwa sauti ya chini. Asije sokoni kumtazama. Asije kwa baba yake. Aende Namanyere, asimame kwenye kaburi la mkewe, aongee na mama wa marehemu.

"Kaka zake wataniua."

"Mama aliyemsafirisha paka wa bintiye mpaka kwa Sista ili asitupwe hawezi kukuua. Nenda."

Ngeleja mwenyewe ndiye aliyemtia paka kwenye kikapu cha Sista. Alilazimika kuzitoa kucha moja moja kwenye sweta. Sista akamkabidhi Leonia kikapu, na kilio cha paka kikashuka naye kilima chote hadi mjini.

Nyumbani alisema kweli yote, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutunga nyingine. Mzee Maximilian alivua kofia yake, akaishika mikononi, akaitazama muda mrefu. Mwanamume aliyekula mezani kwake, aliyemtengenezea redio, aliyemwita baba. Hakupandisha sauti. Alisema mahari itarudishwa na jina la mtu huyo lisitajwe tena humu ndani. Shangazi Agnesi yeye alitaja mengi. Ndagu, alisema, sasa mmeiona kwa macho: mke amekufa, mtoto amekufa, na paka wa marehemu ameletwa mpaka ghalani kwetu. Akamtaka mnyama atolewe kabla jua halijazama.

"Paka atabaki," alisema Leonia.

Hakuwahi kumjibu shangazi yake hivyo. Wote wawili walishtuka, na katika mshtuko huo paka akabaki. Aliingia nyuma ya magunia na hakuonekana tena, ila sahani yake ilikutwa tupu kila asubuhi, na panya walipungua, wakapungua, mpaka wakakoma.

Kibanda cha Ngeleja kilibaki kimefungwa. Wateja walikuja kuulizia redio zao kwa Leonia, kana kwamba yeye ndiye kawekewa ufunguo wa moyo wa yule mtu. Walisema wamesikia. Kila mmoja alikuwa amesikia jambo lake. Leonia aliwajibu kwa kukunja nguo. Jioni aliketi ghalani juu ya gunia na kumsimulia mnyama asiyemwona mambo ambayo hangeweza kumwambia mtu: kwamba ana hasira mpaka meno yanamuuma, na kwamba akisikia hatua ndefu nje ya uzio bado anasimama.

Jumapili moja, wametoka misa na shangazi anasonga ugali wa ulezi, hodi ikapigwa. Leonia alifungua. Ngeleja alikuwa amesimama pale, amekonda, mashavu yamebonyea. Pembeni yake mama mtu mzima amejifunga kitenge mabegani, vumbi la safari limezifanya nyusi zake kuwa nyekundu.

Mzee Maximilian aliinuka kumfukuza. Yule mama akatangulia kusema. Alimsalimia mzee kwa Kifipa, salamu ndefu ya heshima isiyokatizwa, na mzee, alivyolelewa, ikambidi aiitikie mpaka mwisho. Kisha mama akageukia Kiswahili, akasema anataka na huyu mkwe wake aelewe kila neno.

"Mimi naitwa Cornelia," alisema. "Herieth alikuwa binti yangu."

Mwiko ulimponyoka Agnesi, ukaanguka chini. Katika yote waliyoyategemea, hakuna aliyetegemea hili: mama wa marehemu kupanda basi kuja kusimama nyumbani kwa mchumba mpya. Mzee akasogeza kiti mwenyewe.

Mama Cornelia aliketi. Alisema Ngeleja alifika Namanyere, akaenda kwanza makaburini, na hapo ndipo yeye, mama, alipomkuta amepiga magoti akipalilia kwa mikono. Wanawe wa kiume walimjia juu. Yeye akasimama katikati yao. Ndani ya basi Ngeleja alimwomba amsimulie siku ile ilikuwaje, naye akakataa. Alimwambia atasema mara moja tu, mbele ya watu wa binti anayetaka kumwoa, ili lisibaki la kufichwa tena.

"Siku ile nilikuwa nyumbani kwao," alisema. "Huyu hakutaka kusafiri. Herieth ndiye aliyemcheka, akamwambia mtoto bado, nenda ukanunue vifaa vyako. Alimfungashia chakula yeye mwenyewe. Uchungu ulimkamata huyu akiwa ameshaondoka. Gari hakuna. Tukambeba kwa machela."

Alipangusa vumbi usoni kwa ncha ya kitenge.

"Njiani alinishika mkono. Akaniambia, mama, mume wangu akipata habari atataka kukimbia. Mwambieni asiharakishe, barabara mbovu. Aje polepole. Atanikuta."

Ugali uliendelea kutokota.

"Maneno hayo hayakumfikia," aliendelea Mama Cornelia. "Wanangu walimfukuza mimi nikiwa bado nimelala kwenye mkeka wa msiba. Leo ndiyo anayasikia."

Ngeleja alikuwa amesimama karibu na mlango. Alishuka taratibu akiuegemea ukuta mpaka akaketi sakafuni, akaweka uso mikononi. Hakulia kwa sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika, na kwa Leonia ilikuwa kama kumtazama mtu anayeambiwa msiba kwa mara ya kwanza, papo hapo, mbele yao wote.

Agnesi alijaribu neno moja tu. Aliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa na ukali wa siku zote, na lile jambo la ndagu je.

"Dada yangu," alijibu Mama Cornelia, "aliyekufa nilimzaa mimi. Kungekuwa na ndagu, ningekuja kuwaonya. Nisingekuja kumwombea."

Agnesi aliokota mwiko, akauosha, akarudi kwenye chungu. Baada ya muda wakamsikia akiongeza unga.

Mzee Maximilian alimgeukia binti yake. Alisema yeye alikwisha kutoa neno lake, na neno la baba halirudishwi kirahisi. Lakini aliyeumizwa ni Leonia, na yeye ndiye atakayelala na kuamka nalo. Aseme.

Leonia aliitafuta hasira aliyoilisha siku zote hizo, akakuta pengo. Mahali pake palikuwa na kitu kingine alichokionea haya: wivu. Aje polepole, atanikuta. Mwanamke anayekufa, na bado anawaza barabara ya mumewe. Leonia alijiuliza kama yeye angeweza kupenda hivyo, na kama mtu aliyewahi kupendwa hivyo atabakiwa na nafasi ya mwingine. Alimtazama Ngeleja pale sakafuni. Akaona kwamba jibu la swali hilo hatalipata kwa kusimama mbali.

Alikwenda akasimama mbele yake.

"Kesho tunakwenda kwa Padre," alisema. "Atakuuliza kama umewahi kuoa. Usinitazame mimi. Utajibu."

"Nitajibu."

"Jibu sasa, nisikie."

Ngeleja aliinuka. Alijifuta uso kwa kiganja, akamtazama mzee, kisha shangazi, kisha mama wa marehemu mkewe.

"Mimi ni mgane," alisema. "Mke wangu aliitwa Herieth. Mtoto wetu nimeambiwa alikuwa wa kike." Alimgeukia Leonia. "Hatukuwahi kumpa jina."

Mama Cornelia alijifunika uso kwa kitenge. Leonia akanyoosha mkono, na mbele ya baba yake, jambo ambalo katika mwaka wote wa uchumba hakuthubutu kulifanya, akaushika mkono wa Ngeleja na hakuuachia.